Kichwa cha Gitaa na Mbuzi ya Shangazi

Ijumaa, 9 Novemba 1956

Gitaa langu limevunjika kichwa. Si lote. Ni pale juu tu, zinapofungwa nyuzi. Nilikuwa barazani nakaza uzi wa nne, pakalia ta! Kichwa kikainama kama mtu aliyesinzia kwenye hotuba. Jeilani alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Yeye ana gitaa la dukani, limetoka Mombasa. Langu nimelitengeneza mwenyewe kwa sanduku la sigara alilotupa Mzungu mmoja kule Manda. Sasa hapo fundi ni nani?

Akasema mbele ya watu kwamba Alhamisi, kwenye harusi ya Fadhil, atapiga yeye, maana sanduku la sigara ni la kutilia sigara. Nikaapa nitapiga mimi, tangu wageni wakae mpaka wali uletwe. Nikishindwa, nitabeba gitaa lake nyuma yake kutoka mtaa wa Langoni hadi mtaa wa Mkomani, baada ya Alasiri, baraza zote zimejaa. Hayo ya Alasiri hakuna aliyeniomba niyaongeze. Ulimi hauna mfupa.

Jumamosi, 10 Novemba

Nimekwenda kwa Wazir, fundi wa vyombo vya baharini. Amekigeuzageuza kichwa, akasema ubao huo niliokifanyia, wa sanduku la majani ya chai, hauwezi nyuzi. Nitafute mbao ngumu ya mbambakofi, nimwachie wiki moja. Wiki! Nikamshukuru sana. Alipoinama kutafuta patasi yake nikachota pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa, na sifa kidogo, yale mafuta ya papa wanayopaka vyombo. Chombo kizima hukaa baharini miaka kwa vitu hivyo. Gitaa litashindwaje nchi kavu?

Jumapili, 11 Novemba

Kichwa kimeshika. Lakini harufu! Nilitoka nalo kwenda barazani, paka wakanifuata. Kumi na mmoja, Fadhil aliwahesabu. Bwana harusi mwenyewe, kwa adabu zake zote, akaniomba nikae upande upepo unakokwenda. Nilipoanza kupiga, paka mmoja mwekundu alikirukia kichwa, akakivuta mpaka kikang'oka, nyuzi na vyote, akakimbia nacho. Tangu leo Jeilani ananiita Baba Paka. Sijali. Sijali hata chembe.

Jumanne, 13 Novemba

Nimepata!

Asubuhi nilikuwa namtazama shangazi yangu, Bi Ummu, amekaa juu ya mbuzi yake anakuna nazi. Shangazi si mtu mdogo. Ubao ule umembeba miaka ishirini, haujalia hata siku moja. Nyuzi nne ni nini?

Alipokwenda kwa kina Fadhil kuchagua mchele, nikachukua msumeno. Ubao wa mbuzi sasa ni shingo na kichwa kwa pamoja. Nimeupitisha ndani ya sanduku mpaka ukatokea upande wa pili. Chuma cha kukunia kimekataa kutoka, basi nimekiacha pale juu. Kinapendeza. Jeilani aliuliza gitaa limeota meno lini. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya. Akakiinamia, akakitazama kwa karibu. Nadhani ni wivu.

Mabaki ya mbuzi yako uvunguni. Nazi nyumbani zimekwisha, kwa hiyo shangazi hataihitaji wiki hii. Nimefikiria kila kitu.

Jumatano, 14 Novemba

Shangazi anatafuta mbuzi yake. Nimemwambia labda kuna jirani aliyeiazima. Kumbe kesho kila mwanamke anakwenda harusini na mbuzi yake kukuna nazi za wali! Ningejuaje? Sisi wanaume tunaletewa sinia tu.

Hata hivyo sirudi nyuma. Mbuzi zitakuwa nyingi. Gitaa ni moja.

Alhamisi, 15 Novemba

Nimepiga. Hilo liandikwe kwanza. Wageni walikaa, nikapiga, na kichwa hakikutikisika. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wazir mwenyewe alikuja karibu kukitazama, akabaki anakuna kidevu. Nilifurahi kiasi cha kutaka kulia.

Lakini wali hauji. Mimi najua nyimbo tano. Nikazirudia. Nikazirudia tena. Vidole vikaanza kuchubuka. Wazee hawakuwa wananitazama mimi, walikuwa wanautazama mlango.

Mwisho habari ikaja kutoka ndani. Mkubwa wa wakunaji ni Bi Ummu, na Bi Ummu amesusa. Hagusi nazi mpaka mbuzi yake ionekane, na asipoanza yeye hakuna wa kuanza. Jeilani aliinuka taratibu, akaenda mlangoni kuzungumza na mama yake, Bi Mwanamkisi. Hakukaa sana. Punde nikaitwa mimi, mlango wa uani.

Shangazi alitoa mkono nje ya pazia, akaukunjua. Nikampa gitaa. Yeyote angempa.

Alizing'oa nyuzi, akaliweka sanduku chini, akakaa. Nikalisikia likisema kra. Niliona uchungu, sitaficha. Sanduku lile nimelisugua kwa mkono wangu miezi mitatu, nilikuwa nalala nalo kichwani. Kisha nikasikia nazi inakunwa, haraka haraka, na wanawake wakapiga vigelegele. Niliporudi ukumbini Jeilani alikuwa ameshaanza kupiga. Wali ulimkuta yeye.

Jioni shangazi alinirudishia vipande vya sanduku ndani ya ungo. Shingo na kichwa amebaki navyo. Akaniambia, "Kitwa cha gitaa ni kizima, Ridhwani. Kibovu ni chako."

Neno lake la kwanza nimelipigia mstari, maana ni ushahidi. La pili halihusu ufundi.

Ijumaa, 16 Novemba

Nimebeba gitaa la Jeilani. Langoni hadi Mkomani, baada ya Alasiri, baraza zote zimejaa. Watu watasema watakavyo. Sharti lilikuwa nyuma yake. Mimi nilikwenda ubavuni, na mara mbili nilimpita. Njia nzima nililichunguza. Kichwa chake chembamba! Mwaka hakimalizi.

Wazir aliniuliza kama nimepata funzo. Nimemwambia nimelipata, na kubwa: ubao wa kuaminika ni ule uliokwisha kumzoea shangazi.

Shangazi anasema mbuzi hii mpya, yaani shingo ya gitaa langu, inakuna vizuri kuliko ile ya zamani, na hairudishi. Haidhuru. Sanduku litapatikana, Wazungu hawaachi kuvuta. Kazi ni shingo.

Mchana, alipokuwa amelala, nilichungulia chumbani kwake. Kitanda ni cha mbambakofi, kina miguu minne. Kikiegemezwa ukutani, mitatu inatosha.