Mfalme Aliyeficha Dadu

Jumapili, tarehe 2 Novemba

Dadu zinanichukia. Leo naandika wazi. Jana kila nikirusha: moja! Mukengere anarusha huku anatafuna karanga, hata haangalii: sita. Halafu ananiuliza kama naumwa.

Niandike vizuri, siku moja wajukuu watasoma. Kila Jumamosi mchana tunakutana Gihundwe, kwenye atelier ya Vénantie, katikati ya cherehani. Siku nyingine Vénantie anashona magauni. Jumamosi ni msimuliaji wetu: anatutungia nchi, na sisi tunakuwa bantu wa nchi hiyo. Aurore ni mganga. Mukengere, yule muuza vitenge wa soko la Kamembe, ni mwanajeshi mzee. Mimi, Fabien, ni Mfalme Ngabo wa Kwanza, mwenye Ufalme wa Ziwa. Wawili wakigombana ndani ya hadithi wanarusha dadu, mwenye namba kubwa anashinda.

Sasa Mukengere ametangaza kwamba mwanajeshi wake amechoka kupiga saluti. Jumamosi ijayo anataka kiti changu cha enzi.

Hapana! Nyumbani Maman ananituma maji. Kazini, kwenye kibanda cha simu, patron, yaani bosi, ananiita "petit", mdogo, na ndevu ninazo. Ni pale tu kwenye cherehani ambapo nikiingia bantu wanasimama. Kiti sitoi.

Kwa hiyo jana, tulipomaliza na kupanga meza, dadu zote mbili ziliingia mfukoni mwangu. Leo baada ya misa nimezizika ndani ya gunia la maharagi la Maman. Bila dadu hakuna vita. Akili hii sijui niliitoa wapi.

Jumatatu, tarehe 3

Vénantie amepiga simu: dadu hazionekani. Nilisikitika kwenye simu kwa muda mrefu, vizuri sana.

Balaa! Yeye amefurahi. Anasema siku nyingi alitaka tujaribu kugombana bila dadu, ila aliogopa mimi nitalalamika. Ameita kikao cha Jumatano cha mazoezi.

Jumatano, tarehe 5

Njia ya kwanza ya Vénantie: hakuna bahati tena. Tunaangalia alama za nguvu ambazo kila muntu alijiandikia siku ya kwanza, alipogawa alama zake, na mwenye nyingi anapita. Tulijaribu kwa jambo dogo, nani atalinda daraja.

Mukengere: nguvu nane. Mfalme Ngabo: mbili.

Kumbe siku ile alama zangu karibu zote nilizitia kwenye "sura nzuri"! Nikadai daraja litetewe kwa sura. Vénantie akajibu kwamba daraja halina macho. Aurore alicheka mpaka akaangusha pini zote alizokuwa amebana mdomoni, tukaziokota wote kwa magoti, na mfalme pia.

Daraja limekwenda.

Alhamisi, tarehe 6

Njia ya pili: maharagi. Kila muntu anapewa kumi. Mukigombana, kila mmoja anaficha kiasi anachotaka ndani ya ngumi, munafungua pamoja, mwenye mengi anashinda. Lakini uliyotumia yamekwisha, kwa hiyo lazima upime moyo wako.

Mimi kupima moyo? Asubuhi nilijaza mfuko wa suruali kutoka kwenye gunia la Maman.

Mukengere akamtaka ng'ombe wangu wa kifalme, yule mwenye pembe ndefu. Nikaingiza mkono mfukoni kwa utulivu, nikatoa ngumi iliyoshiba. Tukafungua. Yeye, maharagi manne. Mimi, mlima wa maharagi, na juu ya mlima, dadu nyekundu.

Inaonyesha moja.

Aurore akaanguka juu ya marobota ya nguo. Mukengere akakohoa karanga. Vénantie alicheka mpaka akakaa chini, akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja, akaichukua dadu na kuniuliza pacha wake yuko wapi. Nikasema sijui habari za pacha.

Ng'ombe amekwenda. Ila Vénantie ameamua hivi: kwa kuwa mimi ndiye ninayekimbia njia zote, njia ya Jumamosi nichague mwenyewe, nikishindwa nisilie.

Nichague mwenyewe! Mimi!

(Jioni nilitafuta dadu ya pili ndani ya gunia, mkono mpaka kwenye kiwiko. Haipatikani. Maman akauliza ninafanya nini. Nikasema natafuta wadudu. Alinisifu mbele ya Papa.)

Ijumaa, tarehe 7

Nimepata. Gusaba!

Kwenye gusaba familia moja inakuja kuomba bibi arusi, na wenyeji wanakataa kwa maneno matamu, wanakataa tena, mpaka wageni wanatoka jasho. Basi kiti ndicho bibi arusi. Mimi ndiye familia. Mukengere aje aombe, kazi yangu ni kusema hapana. Nani amewahi kushindwa kusema hapana?

Na mimi si mgeni wa mambo haya. Kwenye arusi ya Gikundamvura nilikuwa karibu kabisa na msemaji wa familia. Nilimshikia mikro.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Ninakataa vizuri mno.

Jumamosi, tarehe 8

Eh, Mungu wangu. Niandike pole pole.

Vénantie alikifunika kiti shela ya arusi ya mteja. Majirani walijaa mlangoni. Mukengere aliingia na koti, na kofia, na katoni ya Fanta.

Nilianza kwa nguvu. Nikamwambia kiti hakipo, kiko shuleni, kina mitihani. Akasema watasubiri matokeo. Nikasema kimeingia utawa, sasa ni sista. Akasema vizuri, ndiyo maana amekuja ameoga. Nikasema kuna familia ya Bweyeye iliyotangulia, imetembea kwa miguu kupitia msituni. Akainua suruali, akaonyesha viatu: matope mpaka juu! Akasema familia hiyo ndio wao.

Nilicheka. Kosa la kwanza.

Kisha akavua kofia, akapunguza sauti. Akasema kuanzia Bukavu mpaka huku amesikia habari za nyumba ya Mzee Fabien, nyumba ambayo mgeni harudi mikono mitupu. Akasema hakuja kuninyang'anya mtoto, amekuja kuwa mtoto wa nyumba hii.

Mzee Fabien! Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Aurore akapiga vigelegele, majirani wakapiga makofi kama kule Gikundamvura, nikasimama, mikono ikapanda juu, na mdomo wenyewe ukasema lile neno la kumtoa bibi arusi:

"Turamubahaye! Tumewapa!"

Ndiyo. Mimi. Kwa sauti kubwa.

Tulicheza, tukanywa Fanta. Nilikuwa nimecheza vizuri sana kabla ya kukumbuka kwamba kiti kimekwenda. Mfalme mpya alikaa, na amri yake ya kwanza ni kwamba beau-père, yaani baba mkwe wake, mimi, akiingia wote wasimame. Wakasimama. Nilifurahi mpaka nikakasirika.

Jumapili, tarehe 9

Chakula cha mchana: maharagi. Papa anatafuna. Krak! Anatema, kitu kinabingirika juu ya meza, kinapita chumvi, kinasimama.

Sita!

"Sita!" nikapiga kelele, nikamkumbatia Papa. Papa alishika taya na kuuliza ni nani katika nyumba hii anataka kumzika. Maman akashangaa, akasema yale maharagi Fabien mwenyewe aliyakagua.

Sasa nimeelewa kila kitu. Maneno matamu ni ya wapumbavu. Dadu ndiyo haki! Jumamosi nakidai kiti changu kwa dadu, hii hii.

Niliiosha vizuri kwa sabuni, nikajaribu kidogo chumbani. Moja. Nikarudia. Moja.

Basi ni sabuni, imeosha bahati ya maharagi. Nimemwomba Maman aniwekee mchuzi kwenye kikopo mpaka Jumamosi.