Neno la Kijojia la Kumrudisha Mwahija

Jumatatu, 6 Machi 1950
"Mke akirudi kwao, mume hutuma mshenga akaombe radhi. Haendi kuhutubia." Kasema Abdulatifu, jirani yangu hapa Mtanda, barazani, watu wanasikia. Upuuzi. Mke wangu Mwahija yuko kwao Mchinga tangu nilipomnyamazisha mbele ya wageni. Mshenga ana ulimi gani nisio nao?

Jumanne, 7 Machi
Nimepata silaha. Fundi mitambo wa shamba la mkonge, Mjojia wa upande wa Urusi aliyekimbia vita, kanieleza lugha yao. Tsoli ni mke, kmari ni mume. Wote wawili ni tsolkmari. Da ni dada, dzma ni kaka. Wote ni dadzma. Wa kike hutangulia. Nimelifikiria mchana kutwa. Sisi husema mke na mume, na hiyo "na" katikati ni kama mlango: mtu aweza kutoka. Kwao hakuna mlango. Ukiondoa kipande kimoja, kinachobaki hakitaji nyumba, kinamtaja mtu tu. Ndivyo nilivyo wiki hizi, kmari na sufuria moja.

Alhamisi, 9 Machi
Mchinga, peke yangu. Nikampa shikamoo baba mkwe, Mzee Kondo. Marahaba, akauliza mkubwa niliyekuja naye yuko wapi. Nikasema nimekuja na hoja. Nikamfafanulia tsolkmari mpaka kahawa ikapoa. Mama mkwe akasema huko ndani, makusudi nisikie, kwamba mkwewe bado yuko mimbarini. Mwahija akatoka. Akauliza, ikiwa mke ndiye hutangulia, mbona nimesema tangu asubuhi na yeye hajaulizwa hata hali. Nikamwomba asubiri, sijafika kwenye hitimisho. Akarudi ndani. Mzee Kondo kasema nilete mshenga, tena asiwe msomaji.

Ijumaa, 10 Machi
Baada ya sala Abdulatifu kajitolea. Atasema tu kwamba nimekosa, wanisamehe. Mwahija atarudi kabla ya Jumapili, anaapa. Nilikaribia kukubali. Nikamuuliza ataielezaje tsolkmari. Kasema hataitaja. Nimemkatalia.

Jumamosi, 11 Machi
Kesho narudi Mchinga na Mjojia mwenyewe, awe shahidi. Nanyi waume wa Mtanda mnaonicheka barazani, nawataka mje kwangu leo alasiri mnisikilize hoja yote, mwanzo hadi mwisho. Nyumbani hakuna wa kutukatiza.