Idara Iliyorudi Februari

Siku Idara ya Vizazi ilipotangaza kwamba tovuti yake sasa ni salama kiasi kwamba hakuna awezaye kuifungua, mshonaji mmoja aliingia ofisini bila hodi, futi ikining'inia shingoni.

"Mwanangu, tovuti yenu inanikataa tangu juzi," alimwambia fundi wa kompyuta, kijana mwenye mkataba mfupi na imani ndefu. "Binti yangu asipofikisha nakala ya hati ya kuzaliwa chuo cha uuguzi leo kabla ya saa kumi, nafasi anapewa mwingine."

"Utaipata, mama. Leo hii hii."

Ugonjwa wenyewe fundi aliujua. Cheti cha usalama cha tovuti kilikwisha muda tangu Machi. Miezi yote hiyo vivinjari, zile programu za kufungulia tovuti, vilionya, na watu wakabonyeza "Endelea hivyo hivyo", maana ndivyo idara nzima ilivyoendelea. Wiki hii vivinjari vikasasishwa, na kitufe hicho kikaondolewa.

Akapanda kwa Mkurugenzi kuomba ruhusa ya kuhuisha cheti, kazi ya dakika tano.

Alichelewa. Kamati ya Kurejesha Imani ya Vivinjari ilikwisha kupata ufumbuzi: kwa kuwa Februari cheti kilikuwa kizima, kuanzia asubuhi hiyo idara ingekuwa Februari. Waraka ukatoka. Saa za kompyuta zikarudishwa nyuma, kalenda zikafunuliwa upya, na kweli, tovuti ikafunguka kwenye kompyuta zote za ofisi. Wajumbe wakapeana mikono.

"Lakini nakala zinatoka na tarehe ya Februari, mzee," fundi alisema. "Chuo kinataka ya mwezi huu."

"Kijana, pole pole. Kuhuisha cheti ni suala la kisera. Nakukataza kukigusa."

Fundi akaitazama kalenda ya Februari ukutani. "Unanikataza kama nani?"

"Kama Mkurugenzi!"

Katibu muhtasi, mama ambaye hajawahi kupuuza waraka hata mmoja, akafungua jalada. "Samahani, mheshimiwa. Uteuzi wako ni wa Juni. Februari ulikuwa stoo, unagawa karatasi." Akamgeukia fundi, sauti ikalainika. "Na wewe, mdogo wangu, mkataba wako ni wa Agosti. Kwa hoja yako hiyo hiyo, huna kazi."

"Najua, dada."

Akashuka. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kumzuia, alihuisha cheti, akairudisha kompyuta moja kwenye tarehe ya kweli, akachapa.

Huko juu Mkurugenzi, aliyekwisha kuombwa akae kwenye benchi la wageni, alikuwa akipaza sauti: "Cheti si kimepona? Futeni waraka, basi!"

"Waraka hufutwa kwa saini ya Mkurugenzi," katibu muhtasi alimjibu kwa upole. "Na mpaka Juni hatuna."

Saa tisa na nusu fundi alimkabidhi mlinzi kitambulisho chake cha kazi, kisha akamkabidhi mshonaji nakala, bado ina joto la mashine.

"Kimbia, mama," alisema. "Unawahi."