Mmemfundisha Malimi Kusema Basi

Kiseke, Ilemela,
Mwanza.

Kwa Mkurugenzi,
Kituo cha Hatua Njema,
Pasiansi.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: MTOTO MALIMI NGOSHA, AMBAYE MMETUBADILISHIA

Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, ila sina raha, na sababu ya kukosa raha ni kituo chako. Mimi ni Evelina Chenge, dada mkubwa wa Ngosha, baba yake Malimi. Tangu mume wangu afariki naishi kwa mdogo wangu huyu hapa Kiseke, pamoja na mke wake Kokulinda, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kagera. Hilo la Kagera nimelitaja makusudi, utaliona huko mbele.

Usije ukadhani naandika kwa chuki. Nieleze kwanza tulivyokuwa. Malimi alifikisha miaka mitatu hajasema neno. Ukimwita, hageuki. Ukimvisha shati lenye lebo shingoni, anajitupa chini na kugonga kichwa sakafuni. Alikuwa anauma, anarusha sahani, na geti likiachwa wazi anatoka mbio hadi barabarani. Hata hivyo tulikuwa na utaratibu wetu. Akipiga kelele, anapewa simu ya baba yake. Simu ikiisha chaji, anapewa soda. Wageni wakija, anawekwa stoo na godoro lake, na redio inafunguliwa sauti ya juu. Fimbo ilikaa juu ya kabati, na mimi ndiye niliyekuwa na mamlaka nayo. Kila mtu alijua kazi yake, na nyumba ilikuwa na amani ya namna yake.

Ndipo muuguzi wa kliniki akamwambia Kokulinda kwamba mtoto ana usonji, na kwamba akianza mazoezi ya tabia na mawasiliano akiwa bado mdogo anaweza kujifunza mengi. Mkamtuma kwetu binti yenu wa mazoezi, Odeta. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Odeta alikuja kucheza. Hakuja na sindano, wala dawa, wala ukali. Alinipa shikamoo nikaitikia, nikamwonyesha mtoto, nikamwonyesha na fimbo ilipo. Fimbo hakuiangalia. Alivua viatu, akakaa sakafuni, akaanza kupuliza mapovu ya sabuni. Anapuliza, ananyamaza, anasubiri. Asubuhi nzima ikaenda hivyo. Malimi alipomtazama usoni, kufumba na kufumbua tu, binti akapuliza tena na kumshangilia kama mtu aliyefaulu mtihani wa taifa. Nikamuuliza, "Mwanangu, kazi utaanza saa ngapi?" Akanijibu kwa adabu, "Kazi yenyewe ndiyo hii, mama." Inasikitisha kwamba kuna chuo kinachofundisha mambo hayo na kutoa vyeti.

2. Tulimwita amchunguze mtoto, akatuchunguza sisi. Aliuliza: kabla Malimi hajaanza kelele, huwa kumetokea nini? Na akishaanza, nyinyi mnafanya nini? Ngosha ni msimamizi katika kiwanda cha samaki, watu wazima wanamwogopa, lakini alijibu kama mtoto wa darasa la kwanza: "Tunampa simu." Odeta akasema, "Basi, baba, kelele ndiyo njia yake ya kuomba simu. Mmemfundisha wenyewe, na amejifunza vizuri." Fikiria hilo, Ndugu Mkurugenzi. Ukoo mzima ulikuwa umeshakubaliana kwamba mtoto huyu hawezi kufundishika. Ghafla akawa mwanafunzi hodari, na walimu wake ni sisi. Nikauliza, "Sasa hapa anayefundishwa ni nani?" Akasema, "Nyote, mama."

3. Kusifu. Tumeagizwa kumsifu mtoto palepale anapofanya jema: akikaa, akisubiri zamu yake, akishika kijiko badala ya kukirusha. Katika ukoo wetu mtu husifiwa msibani kwake, akiwa hasikii, ili asivimbe kichwa. Sasa tabia imeenea. Juzi Ngosha alimsifu mke wake kwa mboga aliyoipika. Mke akacheka, naye akacheka, wakakaa hivyo wakitazamana wakasahau kwamba niko mezani na ninahitaji chumvi. Madhara kama haya mlipaswa kutueleza kabla ya kuanza.

4. Mmekataa kutuambia kosa ni la nani. Hili linaniuma kuliko yote. Mtoto alipoanza kuonyesha dalili, mimi nilifanya wajibu wangu wa shangazi: niliwaeleza ndugu wa Magu, wa Misungwi na wa Sengerema kwamba jambo hili limetoka Kagera, kwa watu wa mama yake, maana kwetu halijawahi kuonekana. Nililieleza kwa utulivu na watu wakaridhika. Odeta akaja akasema si laana, si adhabu, si malezi, wala si damu mbaya ya mtu. Alisema mtoto huzaliwa hivyo na hakuna wa kulaumiwa. Alilisema hilo Kokulinda akiwepo. Yule mwanamke aliinama, akashika ukingo wa kochi, akalia machozi bila sauti, na Ngosha akahama alipokuwa amekaa, akaenda kukaa karibu naye. Sijui alikuwa analia nini, maana hakuna aliyekuwa amemgusa. Ninachouliza mimi ni hiki: nani atazunguka Magu, Misungwi na Sengerema kuwaambia watu kwamba hakuna kosa? Na kama kosa lote haliwezi kuwa la Kagera, kituo hakiwezi kutupatia hata robo?

5. Hamuahidi kitu. Kabla yenu tulimpeleka Malimi kwa mhubiri mmoja kule Nyakato, akatuahidi mtoto ataongea ndani ya wiki. Kabla ya huyo tulimpeleka kwa mganga, akamchanja chale na kuahidi vivyo hivyo. Hao ni watu wa kujiamini. Ninyi mnasema itachukua miaka, mtoto anaweza kuongea au asiongee, usonji hauondoki, na siku mbaya zitakuwepo. Na kweli zimekuwepo. Siku moja alimng'ata Odeta mkono hadi alama ikabaki. Nikasubiri kuona kama uvumilivu una mwisho. Binti akaosha mkono, akarudi kukaa palepale, akasema, "Nimechelewa kumwelewa, alishaanza kuniashiria kwamba amechoka. Tutampa njia nyingine ya kusema." Biashara haiendeshwi hivyo.

6. Hiyo njia nyingine. Odeta alileta picha ndogo za karatasi ngumu, kila moja na maana yake: maji, chakula, choo, bembea, na moja yenye mkono ulioinuliwa, ambayo maana yake ni "basi". Mtoto akichoka na jambo, badala ya kuuma anatoa picha hiyo. Na sharti la Odeta ni kwamba akiomba kwa adabu, aheshimiwe papo hapo, ili aone kuomba kunafaa kuliko kuuma.

Jumapili moja nilimkaribisha Eugenia, mwenyekiti wa kina mama wa parokia yetu. Nikaanza sala ya chakula. Nilikuwa nimemaliza wagonjwa, bado viongozi na wasafiri, ndipo nikahisi kitu kiganjani. Nikafumbua jicho. Malimi alikuwa amenipa "basi". Kokulinda akasema "Amina," na watu wote wakaanza kula. Eugenia alishukuru kwamba kwa mara ya kwanza kwetu amekula sangara akiwa wa moto.

Laiti yangeishia hapo. Tukiwa tunakula nilimweleza Eugenia, kwa faida yake, habari za Kagera na jinsi ukoo ule ulivyo. Kokulinda amekuwa akinisikia nikiyasema hayo tangu mtoto alipoonyesha dalili, na hajawahi kunijibu. Siku hiyo aliweka kijiko chini, akachukua picha ya "basi" iliyokuwa mezani, akaiweka mbele ya sahani yangu.

"Wifi, naomba," alisema.

Na picha hakuiondoa. Nikamtazama Ngosha, ndugu yangu wa tumbo moja niliyembeba mgongoni. Akasogeza sahani yake kando. Kisha akasema, "Dada, ameomba vizuri."

Kwa hiyo nilinyamaza. Nilikula chakula chote nikiwa nimenyamaza, mbele ya mwenyekiti wa kina mama. Mambo haya ndiyo yanayoitwa tiba.

7. La saba niliandika nikalifuta. Ngosha alilisoma akasema linanihusu mimi zaidi kuliko kituo.

8. Wageni. Malimi hawekwi tena stoo. Odeta alisema mtoto hawezi kujifunza kuishi na watu akiwa amefungiwa mbali na watu. Basi akapelekwa kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani. Muziki ulipozidi aliziba masikio, akampa mama yake picha, wakatoka nje, akatulia, wakarudi, akala wali wake. Hakurusha kitu. Nilikaa nikisubiri arushe, hakurusha. Mama mmoja niliyewahi kumwambia kwamba Ngosha hajajaliwa mtoto akauliza kwa sauti, "Na huyu mzuri ni wa nani?" Kabla sijapata jibu, Ngosha alisimama katikati ya watu akasema, "Ni wangu. Anaitwa Malimi." Baadaye wanawake wawili walimfuata Kokulinda jikoni wakamwuliza, kwa kunong'ona, kituo kiko upande gani wa Pasiansi, maana nao wana watoto kama huyo waliofichwa ndani. Maana yake mtaa huu una stoo nyingi kuliko nilivyodhani. Siri ambayo kila nyumba iliitunza kwa heshima sasa inaulizwa njia kama duka la vipuri.

Kwa hayo yote naomba kituo kichukue hatua zifuatazo bila kuchelewa: mumrudishe Malimi alivyokuwa, picha ya "basi" iondolewe nyumbani, au itumike na watoto peke yao, na Ngosha apewe mazoezi ya kupunguza kusifu. Kama hayo hayawezekani, naomba angalau kikao kati ya kituo na familia, ambamo mimi nitazungumza hadi nimalize.

Nisalimie wahasibu, wapishi na mlinzi wa getini. Wasalimie wazazi wote wanaosubiri kwenye benchi lenu, waambie wajiandae. Odeta naye msalimie, kwa kuwa adabu anayo, hilo siwezi kumnyima.

Wako katika ujenzi wa familia zenye utulivu,

Evelina Chenge
Shangazi

Nyongeza: Binti yangu Teodora, aliyeolewa Nyakato, ana mtoto wa kike aitwaye Queen, anakaribia miaka miwili. Anazungusha tairi la kigari chake asubuhi hadi jioni. Ukimwita hageuki, ingawa akisikia karatasi ya biskuti ikichanwa chumba cha pili anakuja mbio. Maneno mawili aliyokuwa nayo yamepotea. Wakwe zake Teodora wameanza kusema kwamba limetoka kwetu. Nimempigia simu mama mkwe nikamweleza kwamba si laana, si malezi, wala si damu ya mtu, na kwamba hakuna wa kulaumiwa. Alinikatia simu. Aliyegundua wa kwanza ni Kokulinda, wiki mbili zilizopita, Queen alipolala kwetu. Alinivuta pembeni akaniambia polepole, na habari za ukoo wa mtu hakuzigusa. Amesema atatusindikiza kuja kituoni kwenu. Malalamiko ya hapo juu mnaweza kuyajibu mkipata nafasi. Hili la Queen naomba jibu leo.