Gari Lililotoa Povu

Jumatatu, 9 Juni 2025

Baridi imeingia mpaka kwenye meno. Ukungu umekaa juu ya Njombe kama umepanga chumba.

Asubuhi Denis amepiga simu kutoka Makambako. Denis ndiye mume wa binti yangu Eveline, dereva wa malori ya mbao, mtu wa kupima upepo wa tairi kabla hata hajasali. Kasema Eveline wamemlaza hospitali ya Ikonda kusubiri kujifungua, na madaktari watampasua Jumatano ijayo, tarehe 18. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wakimruhusu nitakwenda kumchukua na gari langu, nimlete hapa nimlee uzazi. Mtoto wa kwanza mama yake hulelewa kwao. Ndivyo tulivyofanyiwa sisi wote hapa.

 Denis kwa adabu sana akasema, mama samahani, gari lako halijakaguliwa tangu baba yuko hai, na mwanangu hapandi gari lisilo na stika. Nikipata stika, sawa, mzazi na mtoto waje kwangu. Nisipopata, atakwenda mama yake, Conjesta, na gari lake jipya. Gari la Conjesta likishika barabara halisimami Njombe. Linanyoosha mpaka Makambako, na mjukuu wangu ndani.

Chumba nimeshapaka chokaa. Ulezi nimeshasaga.

Saa nne nikalipeleka gari polisi kukaguliwa. Mkaguzi ni binti, Afande Ida, umri wa Eveline. Nilimchukulia uji wa moto kwenye chupa ya chai, maana pale uwanjani kuna upepo na ana kifua. Akashukuru. Akasema mama, uji nitakunywa, lakini gari nitaligonga. Akaligonga pembeni kwa ncha ya bisibisi. Ko, ko, ko. Halafu pu. Bisibisi ikaingia mpaka mpini.

Akauliza huwa nabeba nini. Nikasema viazi, na wakati wa kupanda nabeba mbolea. Akasema ndiyo yenyewe, mbolea ikimwagika kwenye buti na unyevu wa huku, inakula bati kimya kimya. Miaka yote nilidhani inakuza mahindi tu.

Kanipa karatasi ya makosa. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma polepole. Neno kutu limeandikwa mara saba. Hilo sasa nalisoma bila kukata silabi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa fundi Polikarpo. Kalala chini ya gari muda mrefu mpaka nikadhani kasinzia. Alipotoka alikuwa na chenga za kutu kwenye nyusi. Kasema, Mama Eveline, hili gari chuma kimeshaondoka, imebaki rangi. Inabidi kukata, kuchomelea bati jipya, wiki nzima. Nikamwambia wiki nzima sina, afande kanipa nafasi kesho. Akasema basi kesho usiende. Polikarpo hajawahi kuwa bibi wa mtu.

Nikarudi nimechoka, nikakaa jikoni, nikaangalia dumu langu la mafuta ya taa. Lilitoboka mwaka juzi. Nililiziba kwa sabuni ya mche na halijavuja tena. Hata tangi la mafuta la gari hilo hilo, marehemu mume wangu Agustino aliliziba kwa sabuni tukafika Ludewa na kurudi. Sasa kama sabuni inashika mafuta, itashindwa na upepo?

Nimetumia miche sita. Nimeiponda na majivu, nikaikanda kama unga wa ugali, nikashindilia kwenye matundu yote. Juu yake rangi nyeupe iliyobaki madirishani. Ukigonga inasema ko. Kila mahali ko. Nimezunguka nikigonga kama mtu anayebisha hodi, na roho imetulia kidogo.

Jumatano, 11 Juni

Nilitoka nyumbani ukungu ukiwa mkavu. Kufika njia panda yakaanza manyunyu.

Sikuona chochote. Nilikuwa naangalia mbele kama Agustino alivyonifundisha. Watu walikuwa wananipungia mikono, nami nikawapungia, nikasema leo watu wana upendo. Nilipoingia uwanja wa polisi magari yote kwenye foleni yalinipisha.

Afande Ida alitoka na mwavuli. Akalizunguka gari mara moja. Akasema, taratibu kabisa, mama, gari lako linatoa povu.

Lilikuwa linatoa. Pande zote mbili, mpaka kwenye matairi, povu zito la kufulia mablanketi. Mzee mmoja mwenye pikapu akauliza kama naweza kumfulia na nguo zake chache. Nikamweleza afande kwamba niliosha gari kwa heshima ya ofisi, huenda sikusuuza vizuri. Akachota povu kwa kidole akanusa. Akasema sabuni hii na yeye anaitumia, ni nzuri, lakini siyo chuma. Karatasi ya pili. Kutu mara tisa.

Jioni Conjesta kapiga. Sauti ya asali. Mkwe, pole, nimesikia gari limeoga. Wewe pumzika tu, mkwe wangu, usihangaike na baridi hilo, langu mimi lina hita, mtoto atalala tu njia nzima. Nikamwambia asante mkwe. Nilipokata simu nikafua shuka ambazo hazikuwa chafu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimefikiri siku mbili. Kosa langu lilikuwa kuziba. Afande anaona kutu kwa sababu anainama na kuchungulia. Gari likiwa chini sana, atachungulia wapi?

Nikapakia lumbesa tatu za viazi, mbili kwenye buti na moja kiti cha nyuma. Gari likakaa chini kama kuku anayeatamia. Hata kiganja hakipiti. Nimeendesha gia ya kwanza njia nzima, na kila tuta nikisema samahani.

Afande Ida akaangalia gari, akaangalia viazi, akaniangalia mimi. Nikasema natoka shamba, napita tu. Akasema hakuna shida mama, tutashusha. Ndipo ikasikika paa, kama mti wa miwati unaokatika, na upande wa kushoto ukalala. Springi. Hata hatujagusa gunia.

Watu wa foleni wakaja kunishushia. Yule mzee wa pikapu alikuwepo tena, na yeye gari lake bado halijapita. Akasema juzi ulileta sabuni, leo viazi, Jumatatu leta na kuku tule. Nilicheka, halafu nikajificha nyuma ya gunia nikafuta macho. Siku tano zimebaki, na mwanangu amelala kule peke yake.

Polikarpo kaja kulivuta.   Nimekubali achomelee.

Jumamosi, 14 Juni

Gari liko kwa fundi. Nikajiuliza, na la Conjesta je? Nani kaligonga? Upya wa gari ni rangi tu, hata langu kwa mbali ni jipya.

Nikapanda basi la asubuhi kwenda Makambako kumsalimia. Nilichukua kijiko cha chai kwenye pochi. Conjesta alifurahi, akanikaribisha, akaenda jikoni. Nikatoka uani, nikajilaza chini ya gari lake, nikagonga. Ko. Nikasogea. Ko. Nikakwaruza kidogo kwa ncha ya kijiko, rangi ikatoka, ndani chuma kinang'aa kama sufuria ya harusi. Nikasogea tena, nikiomba nisikie pu moja tu.

Nikasikia, mkwe, umedondosha nini huko?

Nikasema hereni. Conjesta akasema tangu anifahamu mimi nimeokoka, sivai hereni. Nikasema ndiyo maana siioni.

Akanivuta miguu akanitoa. Tukanywa chai. Nilikoroga kwa kile kijiko changu, kwa kuchanganyikiwa. Baadaye akanionyesha chumba alichoandaa. Pazia la njano, neti, beseni jipya, na kisweta kidogo alichofuma mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Akasema Denis ni mtoto wake pekee, hajashika kichanga miaka thelathini, anaogopa mikono imesahau. Nikamwambia mikono haisahau.

Kwenye basi la kurudi nilimwonea huruma mpaka Mtwango. Baada ya hapo nikakumbuka lile beseni. Kubwa kuliko langu.

Jumanne, 17 Juni

Polikarpo kafanya kazi siku tatu, usiku na mchana. Kakata, kachomelea, kaweka springi. Sakafu sasa ni bati la kweli. Nimegonga mwenyewe. Ko ya heshima.

Leo sikuchukua uji wala viazi. Nilikwenda na gari tu. Breki zimepita. Taa zimepita. Sakafu imepita, Afande Ida akasema fundi wako anajua kazi. Yule mzee wa pikapu akanipigia makofi. Nilianza kumwona Eveline ananishukia mlangoni na mtoto.

Kisha afande akaomba tochi, akaingia chini. Akaniita na mimi niingie. Tukalala pale wawili, mgongo kwenye udongo baridi, kama watoto wanaoangalia ndege. Akanionyesha chuma kinene kinachopita upande mmoja wa gari mpaka mwingine. Akasema hii ndiyo inabeba kila kitu. Akaweka kidole gumba, akasukuma. Kidole kikaingia.

Akauliza, mama, mjukuu utamkalisha wapi? Nikasema nyuma, kwa mama yake. Akasema panapokatika ni hapa, chini ya kiti hicho. Si leo pengine. Lakini zile kona za Makete unazijua.

Nikamwuliza hakuna namna? Akasema kama lingekuwa gari la mama yake angelisukumia korongoni kwa mikono yake. Akanishika mkono, akanitoa, akanikung'uta vumbi mgongoni.

Nimempigia Conjesta mwenyewe. Nimemwambia aende yeye. Hakutamba. Kasema atanipitia alfajiri, twende wote.

Alhamisi, 19 Juni, Ikonda

Tumelala nyumba ya wageni, chumba kimoja. Conjesta anakoroma kama lori la Denis. Hita yake ni nzuri kweli, niliichukia mpaka Tandala.

Jana saa tano mtoto alitoka. Wa kike. Ana nywele nyingi na uso wa mtu aliyeamshwa kwa sababu ya mambo ya kijinga. Mzima. Eveline mzima. Nimelia mpaka muuguzi kaniletea kiti.

Leo Eveline kaamka vizuri, anaongea. Denis alikuwepo. Nikaona niyameze machungu yaliyobaki mbele ya wote. Nikamwambia mwanangu, mimi gari langu limekufa, kwa hiyo mkitoka mtakwenda Makambako kwa mama mkwe wako. Nitakuja kukuona Jumamosi za masoko. Nilisema vizuri, sauti haikukatika sana.

Eveline akaniangalia. Akamwangalia Denis. Akauliza nani kasema mtoto anafuata gari. Akasema yeye atalelewa kwao, Njombe, kwa mama yake, alishaamua tangu mimba ya miezi mitatu, na hakuna aliyemwuliza. Gari la mama mkwe litawafikisha mlangoni, na mama mkwe akipenda ashuke na yeye, vitanda viko. Denis akaanza kusema kitu juu ya usalama. Eveline akasema amepasuliwa jana, asichekeshwe.

Conjesta akauliza kwa unyonge, hata mimi nishuke? Eveline akasema na kile kisweta chako, mama.

Siku kumi nimelala chini ya magari.

Alhamisi, 26 Juni

Tuko nyumbani tangu Jumatatu. Mtoto ananyonya, Eveline anakunywa uji, mimi na Conjesta tunagombania nepi. Mikono yake haijasahau, ila anamkanda Eveline kwa maji ya moto mno. Mtoto anamwogeshea kwenye beseni lake. Nimekubali.

Denis kaondoka na gari la mama yake, lina safari ya mizigo midogo Makambako. Kabla ya kuondoka kasema atamleta mtu wa vyuma chakavu alichukue langu. Nikaitikia. Afande kasema, fundi kasema, nimeona kwa macho yangu mawili. Nimeitikia kwa moyo wote.

Ila kesho ni kliniki. Ni dakika kumi kwa miguu, Eveline anasema atatembea taratibu, daktari kamruhusu. Conjesta kaniambia pembeni, mkwe, mjukuu wetu atafika kliniki ya kwanza kwa miguu, kama amekwenda kununua chumvi? Nikasema neno hilo hilo lilikuwa kooni kwangu. Akauliza lile tatizo la gari langu lilikuwa nini hasa. Nikampeleka uani nikamwonyesha. Akainama, akasukuma kidole, kikaingia. Akafikiri. Akasema kwao Ludewa msingi wa nyumba ukiliwa hivi, hawabomoi, wanajaza zege.

Sabuni ilikuwa kosa, ile inayeyuka. Zege halitoi povu.

Conjesta anasema mfuko mmoja wa saruji unatosha. Mimi nimeagiza miwili, upande wa kushoto umeliwa zaidi.