Chuo cha Uzamili na Wagonjwa Wake Wawili

Jumatatu, 7 Julai 2025
Kibao kimefika! Chuo cha Uzamili cha Turathi ya Kiislamu na Taaluma, Kamuli. Herufi za kijani. Wanafunzi watasoma fiqhi na mantiki kama wanazuoni wa zamani, kisha waandike tasnifu kama chuo kikuu chochote. Wazo langu! Mimi Badru, niliyenyimwa nafasi ya uzamili mara mbili na watu wasionizidi akili. Sasa tasnifu za watoto wao zitapita mezani kwangu.

Sheikh Zubeir, mwenye vitabu vya kale vilivyoandikwa kwa mkono, amekubali kufundisha. Sharti lake, awe mkuu. Nikamwambia mkuu ni yeye.

Jumanne, 8 Julai
Nimekwenda Kanoni, kwa Dk. Cleophace. Mkatoliki, mzaliwa wa Muleba, mhadhiri mstaafu, bingwa wa wanafalsafa wa Kiislamu. Amekubali. Naye anataka ukuu. Nikamwambia mkuu ni yeye.

Wakigombana, atahitajika mtu wa katikati. Suti nimeshaipeleka kwa fundi.

Alhamisi, 10 Julai
Balaa. Kila mmoja anataka kuonana na mwenzake kabla ya ufunguzi. Nikamwambia Sheikh kwamba Dk. Cleophace amelazwa hospitali ya Nyakahanga, tumbo. Daktari alipopiga simu nikamwambia Sheikh amelazwa Nyakahanga, presha. Mke wangu Kokubanza, aliyekuwa akimenya ndizi, aliuliza kama nina akili timamu. Hajui mambo ya utawala.

Jumamosi, 12 Julai
Watu wa huku! Hawawezi kusikia kuna mgonjwa wakatulia nyumbani. Sheikh kapanda bodaboda na mkungu wa ndizi. Daktari naye kaja na mkungu wake na kahawa ya kutafuna. Muuguzi akawaambia hakuna wagonjwa wenye majina hayo. Wazee wawili wakabaki getini na mikungu yao, kila mmoja akimuulizia mwenzake! Nimesimuliwa na dereva wa bodaboda, akicheka mpaka machozi.

Hawakugombana. Walipasua tunda moja la kahawa, kila mtu akatafuna punje yake, kama wafanyavyo watu wanaofunga udugu. Wakajadili mantiki mpaka alasiri. Ndizi wakawaachia wagonjwa wa kweli.

Udugu! Kwa uongo wangu mimi!

Jumatatu, 14 Julai
Nimeitwa kwa Sheikh, nikamkuta na daktari. Bora wangenitukana. Sheikh akasema masomo yanaanza sebuleni kwake, na ukuu hautaki tena. Daktari naye hautaki. Nikakohoa, nikasema basi nipo mimi. Wakatazamana.

Nimepewa nafasi ya mwanafunzi. Nianze na kitabu cha kwanza cha sarufi ya Kiarabu, kile wanachoanza nacho watoto. Daktari akaongeza, kwa upole, kwamba akili ninayo, ila sijawahi kukaa chini nikasoma kitabu mpaka mwisho. Ule upole ndio ulioniua. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni, nikalia humo.

Kutoka, nakuta kibao changu wamekigeuza, nyuma wanaandikia chaki. Mbele yake, kwenye jamvi, amekaa Kokubanza. Mke wangu! Amejiandikisha. Akaniuliza kama nitasogea, namkinga asione.

Alhamisi, 17 Julai
Chuo kipya, Kanoni! Bora kuliko kile. Mwalimu Adventina, mhadhiri mstaafu wa historia, amekubali kufundisha. Mkuu ni yeye (nimemwambia hivyo). Aliuliza mbona Sheikh na daktari hawamo, maana anawaheshimu sana. Nikasema wamelazwa, wote wawili. Lakini mimi si mjinga wa kurudia kosa. Sikusema Nyakahanga. Nimesema Bukoba, mbali.

Jioni amenipigia. Bukoba ni kwao. Anaondoka kesho na basi la asubuhi, mkungu ameshakata.

Nitamwambia wamehamishiwa Mwanza.