Utomvu wa Mua

Jumatatu, 3 Machi

Biskuti zangu zimerudishwa tena. Katoni nzima. Mwenye duka kasema wateja wanazishika, wanazigeuza, wanaziacha. Nikamuuliza wanataka nini basi. Kanionyesha kwa kidole rafu ya juu: biskuti za kiwandani, zimeandikwa AFYA kwa rangi ya kijani. Eti hizo hazikai rafuni. Nimenunua pakiti nikaitafuna njiani. Vumbi la mbao. Lakini kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeelewa jambo lililowapita wasomi wote. Watu wa siku hizi hawali chakula. Wanakula maandishi.

Mama mkwe alikuwa sebuleni nilipoingia na katoni begani. Hakunisemesha. Kamwambia binti yake, yaani mke wangu, kwa sauti ya kunifikia hadi jikoni, kwamba Bwana Kesho karudi na mzigo wake. Bwana Kesho ni mimi. Jina kanipa yeye, kwa sababu utajiri wangu, eti, kila siku ni wa kesho. Tunaishi kwake na ninaoka kwenye jiko lake la uani. Kwa hiyo nameza.

Jumatano, 5 Machi

Lebo mpya zimetoka kwa mpiga chapa. Za kijani, zina jani. HAZINA SUKARI. ASILI YA MMEA. RAFIKI WA MOYO.

Nieleze hapa nilivyofikiri, maana siku moja watu watataka kujua. Sukari nyeupe nimeiacha kabisa. Natumia sukari guru. Sukari guru inatokana na mua. Mua ni mmea. Basi nimeandika "utomvu wa mua", kwa herufi ndogo, kule chini pakiti inapokunjwa na kugundishwa. Mwenye macho aone. Mafuta ya mgando nayo asili yake ni mmea. Na moyo, kama mtu mwingine yeyote, una marafiki wa kila aina.

Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani na hakuna anayemuuliza mambo ya chakula, kauliza kama sukari guru si sukari. Nimemwambia mbuzi na kondoo wote wana miguu minne lakini si kitu kimoja. Kasema sawa, ila wote ni nyama. Biashara haijui huyu.

Jumamosi, 8 Machi

Zimekwisha! Mwenye duka anataka nyingine. Nimesimama pembeni nikamwona mama mmoja wa ofisini, mkoba begani, anasoma RAFIKI WA MOYO kama anasoma wosia wa babu yake. Nyuma hakugeuza. Hawageuzi. Wamesoma mpaka chuo kikuu, lakini nyuma ya pakiti hawajawahi kufika.

Habari kubwa iko nyumbani. Mama mkwe ana kisukari. Chai anakunywa chungu, bila sukari, keki ya harusi anaitazama kwa mbali. Leo kachukua pakiti yangu, kavaa miwani, kasoma upande wa mbele. Halafu kaniita. Mimi, bila kupitia kwa binti yake. Kasema, mwanangu, umenifikiria.

Mwanangu. Nilisimama na unga mikononi nikashindwa hata kuupangusa. Kusema kweli nilitaka kusema kitu. Lakini shemeji alikuwa pale pale, kaka yake mke wangu, fundi wa majokofu, kipenzi cha mama, ambaye kila wiki huja na mapapai na kujisifu. Nijiaibishe mbele ya mapapai? Nikainamisha kichwa kwa adabu, nikasema ni wajibu wangu, mama.

Jumanne, 11 Machi

Anazila asubuhi na chai. Anazila jioni na chai. Wenzake wa kikundi cha akina mama anawagawia, na kuwaambia ni kazi ya mkwe wake.

Mimi si mnyama. Nimejaribu kumzuia. Nilimwambia zimekwisha, kaingia jikoni mwenyewe akazikuta. Nikamtuma mke wangu amwambie zinaleta gesi. Kajibu kwamba gesi ameizoea, ameishi na baba mkwe tangu usichana. Baba mkwe hakuinua hata kichwa. Yeye ana presha, daktari kamkatalia chumvi, na tangu hapo anakula chakula chake kama anatumikia kifungo. Mwisho nikaoka sahani ya pekee, haina kitu kitamu hata chembe, kwa ajili yake tu. Kaonja moja, kairudisha sahanini, kauliza kama nimeanza kubana viungo baada ya kupata jina.

Basi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu hapa ni mimi, ingawa la kusikiwa sijalisema.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji kaleta kipimo cha sukari. Nani kamwomba? Kamchoma mama kidole, katazama namba, katazama mama, katazama tena namba. Wakaondoka kwenda zahanati.

Muuguzi kamuuliza amekula nini. Mama mkwe kasema chai chungu na biskuti zisizo na sukari. Muuguzi, kwa ule upole wa mtu anayekuona mwongo, kasema wazee wengi huficha peremende. Na kwamba mambo yakiendelea hivi atapoteza macho, au mguu.

Jioni kukawa na kikao. Mke wangu alilia. Shemeji alihubiri. Mama mkwe kaapa kwamba hajagusa kitu kitamu, na hakuna aliyemwamini, mama mtu mzima, ndani ya nyumba yake. Wakaamua chumba chake kipekuliwe. Kukaa kimya kungenifanya nionekane vibaya, kwa hiyo mimi ndiye niliyeinua godoro.

Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama. Kasema, mwanangu, wewe si unajua ninachokula, waambie. Nikasema wazee wana siri zao, mama.

Chakula cha jioni kilinishinda. Nusu yake.

Ijumaa, 14 Machi

Mama mkwe haongei na mtu. Kajifungia chumbani na ile pakiti iliyobaki. Kabati la jikoni limetiwa kufuli na ufunguo anao shemeji, ambaye sasa anatembea kama askari wa benki. Mke wangu kanitazama kwa muda mrefu wakati napanga bati za kuokea. Kauliza kama nina la kusema. Nikamwambia oda ya duka imeongezeka. Kaenda zake. Watu hawafurahii maendeleo ya mwenzao.

Jumapili, 16 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa sababu shajara isiyosema ukweli ni takataka.

Asubuhi mama mkwe katuita wote barazani. Sakafuni ameweka visahani viwili. Kimoja kina sukari nyeupe ya jikoni. Kingine kina biskuti yangu, ile ya kijani, yenye jani. Tumesimama kama watoto walioitwa na mwalimu. Shemeji kauliza ni kitu gani hiki. Kaambiwa anyamaze atazame.

Sisimizi walikwishapanga foleni. Foleni moja inakwenda kwenye sukari. Foleni nyingine, nene zaidi, imenyooka hadi kwenye biskuti yangu. Mama mkwe kasema tangu juzi walikuwa wanapita dirishani kwake kuifuata ile pakiti, na peremende hana, kwa hiyo alijiuliza wanafuata nini. Kasema sisimizi hawakwenda shule. Lebo hawaisomi.

Kisha kamwambia binti yake aibandue pakiti pale chini, palipokunjwa. Mke wangu kabandua, kasoma kwa sauti: utomvu wa mua. Baba mkwe kauliza ndiyo nini hiyo. Mke wangu, ambaye hakuna anayemuuliza mambo ya chakula, kasema ni sukari guru.

Nilianza kueleza kuhusu mmea. Hakuna aliyenisikiliza. Shemeji hakunihubiria hata kidogo. Alikwenda kumshika mama yake mkono na kumwomba radhi, na mke wangu naye akapiga magoti. Mama mkwe hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniuliza kitu kimoja tu: siku ile nilipoinua godoro lake, nilikuwa natafuta nini.

Nilitazama sisimizi.

Kasema, mwambieni huyo anisogezee kiti. Huyo. Bwana Kesho lilikuwa jina la heshima, sasa nimeona.

Jumatano, 19 Machi

Jiko la uani nimefungiwa. Naoga wa mwisho, nakula wa mwisho. Sukari ya mama mkwe inashuka, na shemeji anaitangaza kila siku kama matokeo ya mpira. Wale akina mama wa kikundi wamezipeleka pakiti walizogawiwa dukani kwa maandamano. Mke wangu analala kanigeuzia mgongo.

Nimejipa muda, nimetafakari kwa kina, kama mwanamume. Nimekosea, nakubali. Kosa lilikuwa sukari. Sukari sitaigusa tena maisha yangu yote.

Nimeazima jiko la jirani. Nimekaanga viazi, vyembamba, vikavu, vya pakiti. Chumvi ya kutosha, maana chumvi ndiyo inayomrudisha mteja. Safari hii nimekuwa mwangalifu: nimeweka kimoja kwenye kisahani, pale pale barazani. Sisimizi wamekuja, wamekizunguka, wamepita zao. Lebo nimeshaichora. HAVINA SUKARI. VIMEPIMWA. Kila neno ni la kweli, aje mtu anibishie. Chumvi nimeiandika "madini ya bahari", kule chini, panapokunjwa.

Nikiwa nafunga pakiti, baba mkwe kaja uani kimyakimya. Kauliza kama vina chumvi. Nimempa pakiti asome mwenyewe upande wa mbele. Kasoma, katazama nyuma kama kuna mtu, kala kimoja. Kala vyote, amesimama, macho kayafumba. Kaomba pakiti nyingine ya kuweka mfukoni. Kasema tangu daktari aingilie maisha yake hajala kitu chenye ladha, na kwamba humu ndani hakuna anayenielewa.

Kaniita mwanangu.